Baba kafariki, ami kashika hati zote: mirathi muanzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, nimelifupisha kidogo: "Asalaam aleikum wakili. Babangu alifariki miezi mitatu iliyopita nyumbani, tukamzika siku hiyo hiyo. Ameacha wake wawili, mamangu na bi mdogo ambaye yuko Likoni, na watoto saba, wanaume watatu na wanawake wanne, wawili bado wadogo wako shule. Nyanya, yaani mamake baba, yuko hai. Kuna nyumba ya Majengo yenye wapangaji lakini ardhi si yetu, ploti Mtwapa yenye taito (hati ya umiliki), tuktuk, pesa za benki, hisa za Sako na laini ya M-Pesa. Ami ndo ameshika hati zote na simu ya marhumu, anakusanya kodi, na kila tukiuliza anasema mambo ya mirathi yangoje mamangu atoke eda na hitima ya mwaka ipite. Sasa tumesikia kuna mteja wa ploti. Tuanzie wapi? Na mamangu ana nyumba yake mwenyewe Bombolulu, anataka kujua aandike nini ili tusije tukapata taabu hii tena."

Waaleikum salaam dadangu, na Mungu amrehemu mzee wenu. Nitakujibu kwa urefu manake kesi kama yenu zinakuja sana na nyingi zinafika ofisini zikiwa zimeshaharibika, si kwa ubaya wa mtu bali kwa haya. Watu wanaona haya kutaja mali na kaburi bado bichi, basi wanangoja, na huko kungoja ndiko kunakokula mali.

Kwanza hilo la eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi na inamhusu mamako na bi mdogo katika mambo yao ya kutoka na kuolewa, haina uhusiano wowote na kufungua faili la mirathi. Mamako anaweza kusaini karatasi zake akiwa ndani, kamishna wa viapo anakuja nyumbani, hilo jambo la kawaida kabisa hapa Mombasa na wala si ghali. Hitima ya mwaka nayo ni mila yetu nzuri ya kumuombea mtu lakini hakuna kadhi atakayewaambia mngoje hitima. Kwa hiyo sababu za ami zote mbili hazina mguu.

Sasa nikwambie kitu ambacho nadhani hamjakipigia hesabu. Marhumu akiwa ameacha watoto wa kiume, ndugu yake hana fungu. Ami yenu hapati hata shilingi katika mirathi hii, mwana amemzuia. Lakini nyanya yenu ana fungu lake, sudusi, moja kwa sita, na fungu hilo limekuwa lake tangu pumzi ya mwisho ya mwanawe, halingoji karatasi. Mkikaa miaka mitatu bila kugawa na nyanya akatangulia mbele ya haki (umri wake Mungu aubariki), ile sudusi yake inakuwa mirathi ya nyanya, na warithi wa nyanya ni watoto wake walio hai, ami akiwemo. Nyinyi wajukuu mnazuiwa na ami kwa sababu babenu alimtangulia mamake. Yaani mtu ambaye leo hana haki hata ya tofali moja, kesho anaingia kwa mlango wa mbele na mwapaswa kukaa naye meza moja kugawa nyumba ya Majengo. Simtuhumu ami, pengine hata yeye hajui hesabu hii, lakini nyinyi mjue.

Na hesabu yenyewe iko hivi, msije mkadanganywa. Kinachotoka kwanza kabisa ni gharama za mazishi, halafu madeni, na hapa watu wengi wanasahau kwamba mahari ambayo mke hajalipwa ni deni kama deni lolote la duka, muulizeni mama na muulizeni bi mdogo. Halafu wasia kama upo, usiozidi thuluthi, yaani moja kwa tatu, na usiwe wa kumpa mrithi isipokuwa warithi wengine wakubali. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa kama ilivyo katika Suratu Nisaa. Tuseme baada ya hayo yote imebaki 2,400,000. Nyanya anachukua sudusi yake, 400,000. Wake wote wawili kwa pamoja wana thumni, moja kwa nane, ambayo ni 300,000, kila mmoja 150,000, hakuna cha bi mkubwa wala bi mdogo hapo. Inabaki 1,700,000 ya watoto, mwanamume mafungu mawili mwanamke moja, kwa hiyo mafungu kumi, kila binti 170,000 na kila mwana 340,000. Watoto wa mama huyu na wa mama yule wako sawa, sijui kama kuna wa Likoni katika hao saba lakini haibadilishi kitu.

Turudi kwa ploti maana hiyo ndo moto. Ami hawezi kuuza. Si ami tu, hata mamako hawezi, hata kakako mkubwa hawezi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kugusa mali ya marhumu mpaka mahakama imteue msimamizi. Sheria ya Urithi ya Kenya, ile Cap 160, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marhumu bila ruhusa ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Kuna wanaosema ati hiyo sheria haiwahusu Waislamu. Nusu kweli. Mgao, yaani nani anapata nini, ni sheria ya Kiislamu, hapo Cap 160 inakaa kando. Lakini sehemu yake ya saba inayohusu usimamizi wa mali, ambayo kifungu hicho cha 45 kimo ndani yake, inatumika kwa Muislamu pia mahali isipogongana na sheria ya dini. Na huyo mteja mwenyewe mwambieni mapema, anayenunua kwa mtu asiye na karatasi ya mahakama hanunui kitu, atalipa na taito haitabadilika jina.

Kwa hivyo kazi ya kwanza, wiki hii, ni kwenda ofisi ya ardhi ambako hiyo ploti imesajiliwa. Mtwapa iko kaunti ya Kilifi lakini angalieni karatasi zenu inasema nini, ardhi ya mwambao ina historia ndefu ya usajili tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 na kuna faili zinakaa mahali usipotarajia. Fanyeni sachi kwanza, yaani rejista ikaguliwe, muone taito bado iko kwa jina la baba, halafu muombe kuwekewa kizuizi, ile wanaita koshen, mkieleza kwamba nyinyi ni warithi. Ikishawekwa, msajili hatasajili uhamisho wowote kabla ya kuwajulisha. Hamna taito mkononi? Haina neno, nambari ya ploti inatosha kwa sachi. Kama hata nambari hamna tafuteni risiti za kodi ya ardhi au mkataba wa kununulia, mzee lazima aliweka mahali.

Cheti cha kifo mshachukua? Nauliza kwa sababu huku kwetu mtu akifa nyumbani tunapata kile kibali cha mazishi asubuhi, adhuhuri ishazikwa maiti, na kibali kinawekwa kabatini watu wakidhani ndio cheti. Sivyo. Kibali kinaruhusu kuzika tu. Kifo cha nyumbani kinapitia kwa naibu chifu, yeye ndiye anajaza fomu ya kuripoti, halafu cheti chenyewe kinaombwa kwa msajili wa vizazi na vifo, siku hizi kupitia eCitizen. Ikipita miezi sita bila kusajiliwa inakuwa usajili wa kuchelewa na masharti yanaongezeka, nyinyi mko mwezi wa tatu, kimbieni. Chukueni nakala kadhaa zilizothibitishwa manake benki watataka, Sako watataka, mahakama itataka.

Kutoka hapo mwaenda kwa chifu wa eneo alilokuwa akiishi marhumu awaandikie barua inayotaja warithi wote. Wote, narudia. Kesi nyingi ninazoziona zimevunjika hapa, familia ya mke mmoja inakwenda kwa chifu kimya kimya, inajiandikisha yenyewe, inapata ruhusa ya mahakama, inauza, na baada ya miaka miwili mke wa pili anakuja na watoto wake na ruhusa inafutwa kwa sababu ilipatikana kwa kuficha. Mpigieni bi mdogo simu kabla hamjaenda. Najua si rahisi, najua mamako pengine hamtaki kumuona, lakini jina lake likikosekana kwenye ile barua mnajichimbia shimo. Kama hana cheti cha ndoa, mashahidi wa nikahi yake wanatosha kusimama mbele ya kadhi. Na kama marhumu alikuwa na mtoto nje ya ndoa (samahani, lazima niulize) msimfiche pia, mwaka 2025 Mahakama ya Juu Zaidi iliamua kwamba watoto wa aina hiyo wasinyimwe urithi wa baba Muislamu kwa sababu hiyo tu, uamuzi ambao masheikh wengi hawakuufurahia na mjadala wake haujaisha, lakini mahakamani ndiyo hali ilivyo.

Mahakama ipi? Katiba kifungu cha 170 kinaipa mahakama ya kadhi mamlaka juu ya urithi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda huko. Nyinyi nyote Waislamu, basi nendeni kwa kadhi hapa Mombasa, ni rahisi, lugha ni hii yetu, na wengi wanajisimamia wenyewe bila wakili (nasema hivyo na mimi ni wakili, mjue sitafuti kazi). Kama mmoja wenu atakataa kadhi, kesi inakwenda Mahakama Kuu, ila asidhani ndo ameruka mgao wa dini, marhumu akiwa Muislamu mali yake inagawiwa kwa sheria ya Kiislamu huko pia.

Mkifungua faili mtapendekeza wasimamizi. Sheria hairuhusu zaidi ya wanne, na kwa kuwa mna watoto wadogo ambao fungu lao litashikiliwa mpaka wakue, wekeni angalau wawili. Ushauri wangu, mmoja kutoka nyumba ya mamako na mmoja kutoka upande wa Likoni, hata kama mnaona mtachelewana, kwa sababu msimamizi wa upande mmoja tu atashukiwa hata akiwa malaika. Ami anaweza kuwa msimamizi mkimkubali nyote, msimamizi si lazima awe mrithi, lakini kwa vile mambo yalivyo mimi singemuweka. Msimamizi si mwenye mali. Yeye anakusanya, analipa madeni, anagawa, na akiulizwa hesabu anatoa hesabu, mahakama yaweza kumuita wakati wowote.

Kama mnaona kuna hatari sasa hivi, mfano kodi inaliwa au tuktuk inataka kuuzwa, kuna ruhusa ya muda ambayo mahakama inatoa kwa ajili ya kukusanya na kuhifadhi mali tu, si kugawa. Hiyo ombeni haraka, ndiyo itakayowapa nguvu ya kumwambia ami alete simu na hati, na kuwaambia wapangaji wa Majengo walipe wapi.

Nyumba ya Majengo sasa. Msomaji wa Nairobi hataelewa lakini sisi Mombasa twaijua hii, nyumba yako ardhi ya mwenzio, unamlipa mwenye ardhi kodi yake kila mwezi au kila mwaka, vizazi vimekaa hivyo. Nyumba kama hiyo haina taito kwa jina la babenu, ushahidi wenu ni mkataba kama upo, risiti za kodi ya ardhi, bili za maji na stima, na majirani. Inarithiwa sawasawa na mali nyingine yoyote, iwekeni kwenye orodha ya kadhi na muandike wazi kwamba ni nyumba bila ardhi. La muhimu sasa hivi ni kwamba kodi ya mwenye ardhi isikatike. Ami anakusanya kwa wapangaji, sawa, je analipa ile ya mwenye ardhi? Kama halipi, mwenye ardhi akiona mzee amekufa na kodi imesimama na warithi wanagombana, anapata kisingizio alichokuwa akikitafuta siku zote, hasa Majengo ambako ploti ya zamani leo inaangaliwa kwa jicho la gorofa. Nendeni mkalipe nyinyi na risiti iandikwe kwa jina la marhumu, si jina la ami wala la mtu mwingine. Hilo la jina msilipuuze. Risiti kumi zikishatoka kwa jina la mtu, huyo mtu kesho atasema nyumba aliinunua.

Na kodi ya wapangaji tangu siku ya kifo ni ya warithi kwa mafungu yale yale niliyowapigia juu. Ami aulizwe hesabu kwa adabu, mbele ya mzee mmoja wa familia, na iandikwe. Akisema alitumia kwa matanga na hitima, gharama za maziko zinakubalika, lakini biriani ya watu mia tatu si gharama ya maziko, hiyo aliyeiamua ailipe au warithi watu wazima waikubali, fungu la wale wadogo haliguswi kwa karamu.

Pesa za benki ni nyepesi kidogo, peleka cheti cha kifo, akaunti itafungwa, itafunguliwa mkileta karatasi ya mahakama. Kama kuna mtu bado ana kadi ya ATM na anatoa, aache leo, kila muamala unaonekana kwenye taarifa ya benki na tarehe yake. M-Pesa vile vile, hata kama mnajua pini msitoe. Laini yenyewe msiiache ikafa, meseji za benki na Sako zinaingia huko na laini ikikaa bila kutumika kampuni yaweza kuifunga. Tuktuk haihamishwi jina bila karatasi, ila bima yake iwe hai kila siku inayotembea, msiongeze deni juu ya mirathi.

Sako ndio inayoleta ugomvi. Mzee alipojiunga aliandika jina la mtu wa kupokea, wanamwita nominii. Kisheria Sako inamlipa aliyeandikwa na imemaliza kazi yake. Lakini wanazuoni wengi wanaona aliyeandikwa ni mpokeaji tu, anazipokea kwa niaba ya warithi kisha zigawiwe kama mali nyingine. Kwa hiyo jina likitokea ni la bi mdogo, au la mtu wa zamani kabisa, msianze vita getini kwa Sako, lipelekeni jambo hilo kwa kadhi liandikwe. Ulizeni pia kazini kwake kama kulikuwa na pensheni na NSSF. Na mtafute jina lake kwa ile mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, inashikilia pesa za watu ambazo benki na makampuni yalikosa wenyewe, watu wanaokota vitu huko.

Jirani yako Mkristo wa Changamwe akisoma hapa asichukue hesabu zangu za juu, yake ni tofauti. Asipoacha wasia, Cap 160 inampa mjane vitu vya nyumbani na haki ya kukaa na kutumia mali iliyobaki maisha yake, halafu watoto wanagawana sawa, mvulana na msichana. Wake wakiwa wengi mali inagawiwa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba na mke akihesabiwa mmoja. Tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali, siku 30 za pingamizi, na kugawa kwenyewe kunangoja ruhusa ithibitishwe, kwa kawaida miezi sita baada ya kutolewa. Mahakama ya hakimu mkuu inashika mirathi isiyozidi milioni 20, juu ya hapo ni Mahakama Kuu.

Sasa mamako na nyumba yake ya Bombolulu. Akiandika wasia kwamba nyumba yote ni ya mabinti zake, haitashika, wale ni warithi na wasia hauendi kwa mrithi wengine wasipokubali. Akitaka mtu fulani apate kitu maalum ana njia tatu. Hiba, yaani ampe sasa akiwa hai na mzima, aliyepewa akubali na akabidhiwe kweli kweli, kwa nyumba yenye taito maana yake jina lihamishwe, si kusema kwa mdomo kwenye Iddi halafu aendelee kukusanya kodi yeye. Na asingoje kitandani, hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti inahesabiwa kama wasia. Njia ya pili ni wakfu, yaani kuitoa mali kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala kurithiwa, kuna tume ya wakfu hapa hapa Mombasa, wamuelekeze. Ya tatu ni wasia wa thuluthi kwa asiyekuwa mrithi, mjukuu aliyefiwa na mzazi, yatima aliyemlea, msikiti. Huo auandike, asaini mbele ya mashahidi wawili ambao hawapati kitu ndani yake.

Zaidi ya hapo mwambie achukue daftari moja aandike: taito iko wapi, akaunti za benki zipi, anamdai nani, nani anamdai, kikundi cha akina mama kina shilingi ngapi zake, nominii wake kila mahali ni nani na kama bado ni yule yule. Asiandike pini. Awaonyeshe watoto wawili mahali daftari lilipo, sio mmoja. Nyinyi mnahangaika kwa kuwa hati zote za mzee zilijulikana na mtu mmoja tu.

Kwa hiyo kesho ofisi ya ardhi, kesho kutwa cheti. Ukipata majibu ya sachi niandikie kama jina lililotoka si la babako, hapo mambo yanabadilika na haraka inazidi.